Nusu Dakika ya Mzee Reino

Katika baa ya Maxine Beaudry, hapa kwetu Kuusi, kuna kiti kimoja kinachotazama ukuta. Hakikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Kilipigiwa kura. Mwezi wa Januari watu wazima, wengine wenye wajukuu, walinyoosha mikono wakakubaliana kwamba mzee Reino Pelkola, kila atakapokuja kufuatilia mechi za mpira wa magongo wa barafuni za Chuo cha Wendell, atakaa kwenye kiti hicho, mgongo kwa watu na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akiguna, akikohoa, au hata akitikisa goti kabla ya wakati, atanunulia baa nzima kahawa.

Kosa lake lilikuwa kujua mambo kabla ya wenzake.

Sisi tulitazama mechi kwenye televisheni iliyo juu ya kaunta. Picha zile zilikuja kwa mtandao, zikizunguka huko zinakozunguka, na hadi zitufikie zilikuwa zimechelewa karibu nusu dakika. Mzee Reino hakuweza kutazama televisheni. Ugonjwa ulikuwa umeyala macho yake katikati, ukamwachia mwanga kidogo pembeni, kama mtu anayechungulia kwenye upenyo wa mlango. Kwa hiyo alisikiliza redio. Kituo chetu kidogo kilirusha mechi zote za Wendell, kwa kuwa kipa wao, Signe, ni binti wa Kuusi, na redio haikuchelewa. Sisi tukiwa bado tunamtazama mchezaji akipanda na kisahani cheusi, kile kinachochezwa badala ya mpira, kwenye ncha ya gongo lake, mzee mwenye waya sikioni alikuwa ameshajua kisahani kimeishia wapi.

Siku hiyo ya Januari aliruka kutoka kwenye kiti akapiga kelele, "Limeingia!" Kwenye televisheni wachezaji walikuwa ndio kwanza wanapanga mstari katikati ya uwanja. Bao lilipokuja lilikuwa limepoa kama uji wa jana.

"Mzee, umetuibia bao," Maxine alimwambia.

"Sijaiba. Nimelipokea mapema."

"Basi utakuwa unalipokea ukiwa umetazama ukuta."

Mzee alicheka kuliko wote. Aliipenda hukumu ile. Watu wanaosoma habari hizi wasidhani tulimwonea. Kwa watu wa hapa, kupewa kiti chako mwenyewe, hata kama kimegeuzwa, ni heshima.

Signe ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake Gail. Katika maisha yake yote ya kazi mzee Reino aliendesha mashine ya kulainisha barafu katika uwanja wa mji. Kila baada ya kipindi cha mchezo aliingia nayo taratibu, akizunguka, akiacha nyuma yake barafu inayong'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Akitoka kazini alikwenda nyumbani kufanya kazi hiyo hiyo bure. Kati ya gereji yake na kibanda cha kuogea kwa mvuke alimwaga maji kwa mpira wa bustani, tabaka juu ya tabaka, kila majira ya baridi, mpaka ua ukawa uwanja. Hapo ndipo Signe alipojifunza kusimama golini, na mlango wa gereji ndio uliokuwa goli lake. Mlango huo umebonyea kila mahali. Mzee hakukubali kamwe ubadilishwe.

Kitu cha kwanza alichomfundisha kilikuwa kugonga nguzo.

"Kipa hana macho kisogoni," alimwambia. "Ukianza kugeuka kutafuta goli liko wapi, umekwisha. Gonga kwa gongo: kushoto, kulia. Ukisikia zote mbili, unajua ulipo."

Signe aligonga hivyo tangu akiwa na meno ya utoto, na akaendelea kugonga hivyo huko Wendell. Na macho ya babu yake yalipoanza kwenda, tulimwona mzee akifanya vivyo hivyo. Alipoingia kwa Maxine aligonga kizingiti kwa fimbo yake, upande huu, kisha ule, halafu ndipo alipopita. Hakuna aliyemtania kwa hilo.

Wendell iko mbali, safari ya gari ya siku nzima na kipande cha siku ya pili. Miaka ya kwanza Signe alipokuwa huko, mzee alikuwa akimuuguza mkewe, Elma, na hakumwacha hata kwa usiku mmoja. Elma alipofariki, moyo wa mzee nao ukahitaji upasuaji, na daktari akamkataza safari ndefu. Hivyo ikafika mwaka wa mwisho wa Signe chuoni, naye babu aliyemmwagia maji ya barafu hakuwa amemwona akicheza kule hata mara moja. Daktari wa macho alisema ule mwanga wa pembeni nao hautaiona vuli.

Ndiyo sababu mechi ya Machi ilikuwa si mechi tu.

Wendell na Lathrop ni vyuo viwili vilivyotenganishwa na mto mmoja mwembamba, na vimechukiana tangu babu za wachezaji wa leo wakiwa wanafunzi. Hugombea beleshi kuukuu la makaa ya mawe, lenye mpini uliopasuka, ambalo mtu mwenye akili timamu asingeliokota njiani. Sisi watu wa Kuusi hatukuhusika na ugomvi wao. Tuliuazima kwa ajili ya Signe, tukaufuga, ukanenepa kuliko ulivyokuwa kwao. Hata adui tulimpata hapa hapa: Duane Trepanier, fundi wa paa, aliyechagua Lathrop kwa sababu moja tu, kwamba sisi wengine wote tulikuwa Wendell. Alikuwa na skafu nyekundu iliyofumwa na mkewe, na aliivaa hata kanisani.

Mwaka huo vyuo hivyo vilikutana katika mtoano. Atakayeshindwa amemaliza msimu. Atakayeshinda angecheza Jumamosi inayofuata katika uwanja mkubwa wa mji jirani, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka hapa, barabara nzuri, hata daktari alikubali. Gail alikuwa ameshaongea na mlinzi mmoja wa uwanja ule, mtu aliyesoma naye. Babu angeruhusiwa kusimama nyuma ya goli, pua kwenye kioo kinachozunguka barafu.

"Kipindi cha kwanza na cha tatu goli lake litakuwa upande ule," mzee alitueleza wiki nzima, kila mmoja wetu kwa zamu, kama mtu anayetangaza harusi. "Nikigeuza shingo hivi, simtazami yeye, naitazama taa ya juu, basi yeye anaingia hapa pembeni. Nimejaribu kwa Gail jikoni. Inawezekana."

Na alituonyesha anavyogeuza shingo: kwanza huku, kisha kule.

Mechi ilianza alasiri, theluji ikianguka nje bila upepo. Maxine alikuwa ameoka mikate ya nyama na viazi, akaifunika kwa taulo kwenye kaunta. Mzee alikaa kwenye kiti chake, redio mfukoni, waya sikioni, kikombe cha kahawa mbele yake na vipande vya mkate mkavu wa mdalasini vya kuchovya. Gail alikaa kando yake, yeye akitazama televisheni. Kazi yake ilikuwa kumweleza yale ambayo mtangazaji wa redio hayasemi.

"Pelkola!" Trepanier aliita kutoka mwisho wa kaunta. "Huo ukuta una habari gani?"

"Unasema rangi ya skafu yako inafanana na ugonjwa wa ngozi."

"Leo mjukuu wako atapitisha visahani mpaka achoke kuviokota."

"Duane, wewe paa lako mwenyewe linavuja. Yeye havuji."

Baa ikacheka. Trepanier akacheka pia, akainua kikombe.

Hadi mwisho wa kipindi cha pili kila upande ulikuwa na bao moja. Signe alidaka vitu ambavyo sijui niviandikeje. Mara moja alianguka kifudifudi, akainua mguu nyuma kama nge, na kisahani kikagonga soli ya kiatu chake. Baa ilipolipuka, mzee alikuwa akichovya mkate wake kwa utulivu kabisa. Furaha yake aliimaliza nusu dakika kabla yetu, na usingejua, isipokuwa kama ungekaa mahali alipokaa Gail, ukaona kidole gumba kinavyousugua mpini wa fimbo.

Kipindi cha tatu hakikutoa bao. Ukaja muda wa nyongeza, ambao katika mtoano huchezwa kikatili: bao la kwanza ndilo la mwisho.

Hakuna aliyekula tena. Maxine alisahau birika kwenye jiko, likalia weee, na hakuna aliyelitazama. Kisha kwenye televisheni mshambuliaji wetu akapiga, kipa wa Lathrop akakitema kisahani, ikatokea vurugu ya miguu na magongo mbele ya goli, na taa nyekundu ya bao ikawaka.

Sijawahi kusikia chumba kikipiga kelele namna ile. Watu walikumbatiana. Maxine alimbusu Trepanier kwenye upara, akamwambia, "Pole, kipenzi!" Viti vilianguka. Gail alikuwa amesimama juu ya kiti, analia na kucheka.

"Geuka, mzee!" Maxine alipaza sauti. "Geuka, umeruhusiwa! Jumamosi unakwenda!"

Mzee Reino hakugeuka.

Ndipo tulipoona, mmoja mmoja, kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado amekaa. Kelele zikapungua kama maji yanavyoshuka kwenye beseni. Mzee akasema, bado akitazama ukuta, "Marefa wamekwenda kutazama picha. Wanadhani limeingizwa kwa mguu, na la mguu halihesabiwi."

Na baada ya muda televisheni nayo ikasema hivyo hivyo.

Tulisubiri. Marefa walikuwa wameinama kwenye kile kisanduku chao, wamevaa vidude vya masikioni, na picha ikarudiwa mara nyingi mpaka kila mtu akawa ameona alichotaka kuona. Wengine waliapa ni gongo. Wengine walitazama vikombe vyao. Na hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu: watu wale wale waliompigia kura ya ukuta walianza kukisogelea kiti chake, polepole, kama watoto wanavyomsogelea mama anayefungua kapu.

"Mzee," mmoja alisema. "Vipi huko?"

"Bado."

"Tutakusamehe ile kahawa," Maxine alisema. "Sheria tumeifuta. Sema tu."

"Sema, Pelkola," Trepanier naye akadakia. "Hata mimi nataka kujua."

Nilikuwa nimesimama pembeni, nikauona uso wake. Mtangazaji alikuwa anaongea sikioni mwake. Kidole gumba kilikuwa kinasugua fimbo, kikaacha. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kuongezewa chai.

"Bado," akasema.

Tukaendelea kutumaini. Ilikuwa nusu dakika ya kutosha mtu mmoja kusema kwamba atawasha gari lake kubwa twende wote Jumamosi, na mwingine kumuuliza Maxine kama atafunga baa siku hiyo, na Maxine kujibu, "Nitafunga, na nitawafungia nje wote wasiokuja." Kisha refa akateleza hadi katikati ya barafu, akafagia hewa kwa mikono yote miwili. Si bao.

Baa ilitoa sauti kama gunia linaloshushwa.

"Ulikuwa unajua," Maxine alimwambia mzee.

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnapanga safari," mzee alijibu. "Nilitaka kusikia nani anaendesha."

Mchezo ukaanza tena. Watu walirudi mahali pao, wakasahau ukuta. Ni vigumu kueleza jinsi matumaini yanavyorudi upesi. Tulijiambia kwamba bao lililokataliwa ni deni, na deni hulipwa. Hakuna aliyekuwa akimtazama mzee, isipokuwa Gail, na mimi kwa sababu nilikuwa karibu.

Alichofanya kilikuwa hiki. Aliutoa waya sikioni. Aliuzungusha kwenye vidole vyake viwili, taratibu, kama anavyozungusha mtu uzi uliobaki baada ya kushona, akauweka mezani kando ya kikombe. Akaizima redio. Kisha akavua kofia.

Kwenye televisheni Wendell walikuwa wamekipoteza kisahani katikati ya uwanja. Hakuna jambo lolote lililokuwa limetokea bado.

Gail alimtazama baba yake. Aliutazama waya. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anaumeza uelewa ule kama dawa chungu, kwa sababu wenzetu wote nyuma yetu walikuwa wakipiga meza kwa viganja, "Sig-ne! Sig-ne!"

"Baba?"

"Niambie anavyosimama," mzee alisema.

Gail alishika kiwiko chake. Aligeuka kwenye televisheni, na sauti yake ilipotoka ilikuwa tambarare, sauti ya mtu anayesomea wengine barua.

"Amerudi golini. Amegonga nguzo."

"Ipi?"

"Ya kushoto. Sasa ya kulia."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, baba."

"Magoti?"

"Ameyakunja. Glavu iko juu. Mkia wa nywele umetoka nje ya kofia, ule ule." Akavuta pumzi. "Wanakuja. Wako wawili, na mmoja anatokea…"

"Hao usiniambie. Niambie yeye."

"Yeye anatoka mbele kidogo. Hajaharakisha. Amemtazama mwenye kisahani, ametulia tu. Anarudi nyuma pamoja naye. Ni mkubwa, baba. Sijui kama umewahi… amekuwa mkubwa mno golini, analijaza lote."

"Bado amesimama?"

"Bado."

Mzee aligeuza shingo. Alifanya kama alivyotuonyesha wiki nzima, uso juu kuelekea taa ya Maxine, akitafuta kwa pembe ya jicho. Lakini televisheni ilikuwa mbali, na mbele yake palikuwa na ukuta.

"Bado, baba," Gail alisema tena, ingawa hakuwa ameulizwa.

Kisha meza zikaacha kupigwa.

Mtu mmoja alisema "La" kwa sauti ndogo. Kwenye televisheni wasichana wa Lathrop wenye jezi nyekundu walirundikana ukutani, mmoja juu ya mwingine, na kamera ikawa inawafuata wao, ikimwacha Signe amepiga magoti pembeni ya picha, nusu yake tu ikionekana. Trepanier, kwa mazoea, alianza wimbo wa Lathrop. Aliimba mstari mmoja, akajisikia yuko peke yake, akanyamaza katikati ya neno. Akaivua ile skafu akaitia mfukoni, ikawa inaning'inia nje.

Maxine alileta kahawa mpya, akaiweka mbele ya mzee. "Kile kiti," akasema hatimaye, "tutakigeuza."

"Kiache," mzee akasema. "Nimekizoea."

Kulipoanza kuingia giza, simu ya Gail ililia. Alisikiliza kidogo, akampa baba yake. Baa nzima ilijifanya ina shughuli.

"Babu," tulisikia. Sauti ilikuwa kubwa, simu ile ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho kwa ajili ya masikio ya mzee. "Babu, nisamehe. Ulikuwa uje Jumamosi."

"Kilikugonga wapi kabla hakijaingia?"

"Nini?"

"Kisahani. Kiligusa nini?"

Signe alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofundishwa. "Bega. La kulia. Kiliruka juu kikadondoka nyuma."

"Basi ulikuwa mahali pako," babu yake alisema. "Kilikukuta mahali pako. Vua nguo zilizoloa usije ukapata homa."

Akamrudishia Gail simu. Alipotoka aligonga kizingiti, upande huu na ule, akapita.

Theluji huchelewa kuondoka Kuusi, lakini huondoka. Signe alirudi mwezi wa Mei akiwa na shahada yake na mifuko miwili mikubwa inayonuka jasho la kipa. Ua wa mzee ulikuwa tope na majani mapya, na mpira wa kumwagia maji umening'inizwa ukutani. Ule mwanga wa pembeni, ambao daktari alisema hautaiona vuli, haukuingoja hata Mei. Uliondoka wiki ileile barafu ya ziwani ilipovunjika.

Gail alimwambia binti yake hilo mlangoni, kwa sauti ya chini, asubuhi aliyofika. Signe aliichukua ile mifuko. Alikwenda gereji akavaa vyote: ngao za miguu, kifua, glavu, kofia ya chuma, kila kamba akaifunga. Ilimchukua muda mrefu. Akasimama kwenye majani mbele ya mlango uliobonyea, na Gail akamleta mzee hadi barazani.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza.

Signe aligonga fremu ya gereji kwa gongo lake. Kushoto. Kulia.

Mzee aligeuza shingo, kwanza huku, kisha kule, kama alivyokuwa amejifunza jikoni kwa Gail. Alikaa hivyo kwa muda, uso wake ukielekea juu ya paa la gereji, mahali pasipokuwa na mtu.

"Gonga tena," akasema.